UZI: Kiuno, nyonga na mafuta ya ndani ya tumbo. Mizani haikuambii yamekaa wapi

#1 Futikamba (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mada za uzito karibu zote zinaishia kwenye kilo. Mtu anaandika urefu na kilo zake, anajibiwa BMI, uzi unafungwa. Hesabu ile ilitoka kwa Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19 aliyekuwa akitafuta wastani wa watu wengi kwa pamoja, wala hakuwa akichunguza afya ya mtu mmoja. Jina la BMI limekuja baadaye sana, mwaka 1972, kupitia Ancel Keys. Unagawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe, basi. Haijui kama kilo hizo ni msuli au mafuta, na kama ni mafuta haijui yamekaa wapi.

Na mahali yalipokaa ndipo penye mambo. Mwaka 1947 daktari Mfaransa, Jean Vague wa Marseille, aliandika kwamba wanene ambao mafuta yao yamejaa sehemu ya juu ya mwili ndio wanaopata kisukari na magonjwa ya mishipa zaidi ya wale ambao yamekaa nyonga na mapaja. Hakusikilizwa sana wakati huo. Baadaye utafiti wa INTERHEART, uliofanyika nchi 52, ukaonyesha kuwa uwiano wa kiuno kwa nyonga unaendana na mshtuko wa moyo kuliko BMI.

Chukua watu wawili, wote sm 170. Wa kwanza ni mwanaume wa kilo 72: BMI 24.9, yumo ndani ya kawaida. Kiuno chake ni sm 96, gawa kwa 170 unapata 0.56. Wa pili ni mwanamke wa kilo 80: BMI 27.7, anaandikwa uzito umezidi. Kiuno chake ni sm 78 na nyonga sm 112, yaani kiuno kwa urefu 0.46 na kiuno kwa nyonga 0.70. Penye mizani peke yake, mwanamke ataondoka na karatasi ya ushauri na mwanaume ataambiwa yuko sawa. Anayetakiwa kuanza kupimwa sukari na mafuta ya damu ni huyo mwanaume.

Viwango ni hivi. Kwa Shirika la Afya Duniani, mwanaume akizidi sm 94 hatari imeanza kupanda, akizidi 102 imepanda sana. Mwanamke ni 80 na 88. Kwa wanaume wenye asili ya Asia Kusini na Wachina mpaka umeshushwa hadi 90. Kiuno kwa nyonga: 0.90 kwa wanaume na 0.85 kwa wanawake, kuanzia hapo kwenda juu ni tatizo. Kiuno kwa urefu ndicho ninachokipendelea mimi, kwa sababu namba ni moja kwa wote: NICE, taasisi ya miongozo ya afya ya Uingereza, tangu 2022 inasema 0.4 hadi 0.49 ni salama, 0.5 hadi 0.59 hatari imeongezeka, 0.6 na kuendelea ni kubwa. Kipimo hiki kimekusudiwa mtu mwenye BMI chini ya 35. Akishavuka hapo, hatari iko wazi na futi (tepu ya kupimia) haikuongezei habari.

Karibuni.

#2 Tepu_Mezani

Mkuu, umeweka namba bila kusema zinapimwaje, na hazina maana kama kila mtu anapima pake.

Mpimwaji asimame wima, miguu ikaribiane, uzito uelemee miguu yote miwili, mikono ining'inie. Nguo ipandishwe, tepu iguse ngozi. Tafuta kwa vidole ukingo wa chini wa ubavu wa mwisho unaoshikika, upande wa mwili, utie alama ya kalamu. Shuka moja kwa moja hadi ukute ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, tia alama ya pili. Katikati ya alama hizo ndipo kiuno. Zungusha tepu ikiwa sambamba na sakafu pande zote. Apumue kawaida, atoe pumzi bila kuisukuma, usome namba pumzi inapoishia. Rudia. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya sm 1, vifute vyote upime upya; visipopishana hivyo, chukua wastani. Nyonga hupimwa pale makalio yanapotokeza zaidi, na ili upaone lazima umtazame mtu kwa ubavuni.

Sasa makosa. La kwanza na kubwa ni kupima pale mkanda wa suruali unapokaa. Mwanaume mwenye kitambi huvaa suruali chini ya tumbo, hivyo saizi ya suruali inaweza kubaki ileile miaka kumi huku tumbo likikua juu yake. La pili, tepu inateremka nyuma bila mpimaji kuona. Weka kioo au mtu wa pili. La tatu, kuvuta tumbo ndani, na hili wengi hulifanya bila hata kujua. Mwambie mtu aongee au ahesabu, tumbo litalegea lenyewe. La nne, tepu ya plastiki iliyozeeka huvutika. Iweke sambamba na rula ya chuma uone kama sm 30 zake ni sm 30 kweli.

Pima asubuhi, kabla ya kula, ukishakwenda haja ndogo. Mabadiliko chini ya sm 2 yahesabu kama makosa ya upimaji tu.

#3 Mwanagenzi

Kwa nini msitumie kitovu? Kila mtu anacho na hakuna haja ya kalamu.

#4 Tepu_Mezani

Kwa sababu kitovu kinahama. Tumbo likikua na kulegea kinashuka pamoja nalo, kwa hiyo unapima mahali tofauti kadiri mtu anavyonenepa au kupungua. Mifupa haishuki. Wapo wanaopima juu kabisa ya mfupa wa nyonga, ndivyo unavyoelekeza mwongozo wa Marekani, na hapo namba inaweza kutoka tofauti kidogo, hasa kwa wanawake. Chagua njia moja uishikilie, usilinganishe kipimo cha njia hii na cha njia ile.

Mjamzito asipimwe kiuno kwa ajili hii.

#5 Daktari_wa_Zamu

Niongeze upande wa ndani. Mafuta unayoweza kuyafinya kwa vidole yako chini ya ngozi, mbele ya ukuta wa misuli. Mafuta ya ndani ya tumbo yako nyuma ya ukuta huo, yamezunguka utumbo na kujaa kwenye pazia linaloning'inia mbele yake. Ndiyo maana kuna kitambi kigumu: ukikibonyeza hakibonyei na ukikifinya hupati kitu cha maana, kwa sababu kinachosukuma kipo nyuma ya msuli. Tumbo laini linalokunjika mtu akikaa lina sehemu kubwa ya mafuta ya chini ya ngozi. Hicho si kipimo cha kuandika kwenye faili, lakini kinakupa mwelekeo.

Mafuta ya ndani huachia asidi za mafuta haraka, hayatii insulini (homoni inayodhibiti sukari) vizuri inapoyaambia yaache, na damu yake inakwenda moja kwa moja kwenye ini. Ini likipokea mzigo huo linajaa mafuta, linaendelea kumwaga sukari hata isipohitajika, na linatoa trigliseridi (aina ya mafuta) nyingi kwenye damu. Seli hizo zikivimba pia huvuta chembe za kinga na kuzalisha kemikali za uvimbe, huku homoni ya adiponektini inayosaidia insulini ikishuka. Mafuta ya mapajani ni mazito kuachia. Yanapokea mafuta baada ya mlo na kuyashikilia. Kwa kiuno kilekile, mwenye nyonga na mapaja makubwa kwa kawaida ana hatari ndogo kuliko mwenye miguu miembamba.

#6 Maabara_4

Daktari, nakubali sehemu kubwa, ila hoja ya damu kwenda moja kwa moja kwenye ini watu wanaikuza. Ukipima, asidi nyingi za mafuta zinazofika kwenye ini bado zinatoka chini ya ngozi, hasa sehemu ya juu ya mwili, kwa sababu ndiko kwenye akiba kubwa. Mafuta ya ndani yanachangia kiasi kidogo, ingawa mchango huo hukua kadiri tumbo linavyojaa.

Maelezo yanayosimama vizuri zaidi ni ya ghala. Chini ya ngozi ndiko ghala halali, na kila mtu amezaliwa na lenye ukubwa wake. Likijaa, ziada inamwagika pasipo pake: ndani ya tumbo, kwenye ini, kongosho, msuli, kuzunguka moyo. Ushahidi ni watu wenye lipodistrofi, ambao mwili wao hauna mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Kwa macho ni wakavu, misuli imechoreka, lakini ini limejaa mafuta, trigliseridi ziko juu sana na kisukari chao ni kigumu kukidhibiti. Ushahidi wa pili ni dawa ya pioglitazoni: mgonjwa anaongezeka uzito, mafuta yanahamia chini ya ngozi, na insulini inafanya kazi vizuri zaidi. Kwa hiyo kitambi ni dalili kwamba ghala limezidiwa, kuliko kuwa chanzo cha kila kitu.

#7 Daktari_wa_Zamu

Sawa kabisa, na hilo linaeleza pia wembamba wenye kisukari. Ghala lao ni dogo, linajaa mapema, kwa BMI ya 23 au 24 tayari wamemwagikiwa. Mtu wa aina hii ukimwambia hana tatizo kwa kutazama mwili wake umempoteza.

#8 Sahani_Nusu

Je, kuna kipimo cha kuona mafuta ya ndani moja kwa moja? Mizani za kisasa zinaonyesha namba ya "mafuta ya ndani", watu wanaziamini kama mahakama.

#9 Maabara_4

Mizani hizo zinapitisha umeme mdogo kutoka mguu mmoja kwenda mwingine na kukisia. Umeme huo hausemi lolote la moja kwa moja kuhusu kilichozunguka utumbo. Namba inatokana na fomula yenye umri, jinsia na urefu ulioingiza wewe. Ukinywa maji mengi au ukitoka mazoezini namba inabadilika. Tumia kuangalia mwelekeo, hali zikiwa zilezile, usiitumie kuamua ugonjwa.

Vipimo halisi ni picha za CT na MRI, ila CT ina mionzi, na hakuna anayekutuma ukapigwe kwa ajili ya kitambi peke yake. Ultrasaundi ya ini inasaidia, lakini mafuta yakiwa kidogo, chini ya kama asilimia 20, mara nyingi haiyaoni. Jibu la "ini liko kawaida" halimaanishi halina mafuta. Vimeng'enya vya ini navyo vinaweza kuwa kawaida kabisa.

Kinachofaa kwa mtu ambaye kiuno kimevuka mpaka ni vitu vitano vya kawaida: kiuno chenyewe, presha, 130 kwa 85 na kuendelea, sukari ya kufunga (kabla ya kula), 5.6 na kuendelea, trigliseridi, 1.7 na kuendelea. Na lehemu nzuri (HDL) ikiwa chini ya 1.03 kwa mwanaume au 1.29 kwa mwanamke. Sukari na mafuta yote hapo ni kwa milimoli kwa lita. Vitatu kati ya vitano vikitimia, hiyo ndiyo sindromu ya metaboliki, na anayetumia dawa ya presha anahesabiwa tayari ana hicho kimoja hata kama leo inasoma vizuri. Hapo watu hukosea sana.

#10 Mkunga_wa_Mchana

Wadau, kabla hamjawapeleka watu kwenye mazoezi, si kila tumbo lililotokeza ni mafuta. Kwa waliozaa kuna misuli ya tumbo iliyoachana katikati. Mama alale chali, magoti juu, anyanyue kichwa na mabega kidogo tu. Weka vidole kwa kulala juu ya mstari wa katikati, kwenye kitovu, halafu juu na chini yake. Nafasi ya vidole viwili na zaidi, au mstari wa katikati ya tumbo kutuna kama kilele, ni misuli iliyoachana. Huyu ukimpa kukunja tumbo kwa nguvu tangu siku ya kwanza unaweza kumwongezea tatizo. Aanze na kupumua kwa kina huku akivuta tumbo la chini ndani taratibu, na misuli ya sakafu ya nyonga.

Tumbo lililokua kwa wiki chache, gumu au lenye maji yanayohama mtu akigeuka, au linaloambatana na kukonda mikono na miguu, hilo ni la hospitali. Uvimbe wa kizazi, wa ovari, maji tumboni: vyote vimewahi kuitwa kitambi.

Na kwa dada zetu wanaokaribia kukoma hedhi: estrojeni ikishuka mafuta huhama kutoka nyonga kwenda tumboni hata kilo zisipobadilika. Kwa umri huo futi ina maana kuliko mizani.

#11 Mwanagenzi

Sit-apu mia kila asubuhi zinaondoa kitambi au la?

#12 Viungo_Sawa

Hapana. Zinaimarisha msuli ulio mbele ya mafuta. Msuli unaofanya kazi hauchomi mafuta ya jirani yake. Unachukua nishati kwenye damu, na damu inakusanya mafuta kutoka mwili mzima kwa mpangilio unaoamuliwa na homoni na urithi. Huchagui.

Habari njema ni kwamba mafuta ya ndani ndiyo yanayotangulia kuondoka. Mtu akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito, ya ndani hupungua kwa uwiano mkubwa kuliko ya chini ya ngozi, na mafuta ya ini hushuka mapema zaidi. Mazoezi ya kuongeza pumzi, kama kutembea haraka au kukimbia, yanapunguza mafuta ya ndani hata mizani isiposogea, na ndiyo sababu nyingine ya kutoiamini mizani.

Kiasi: dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani unaweza kuongea lakini huwezi kuimba, au 75 hadi 150 za nguvu. Ongeza siku 2 za mazoezi ya misuli mikubwa: kuchuchumaa, kusukuma, kuvuta, kunyanyua kitu kutoka chini. Usiruke haya. Msuli ndio unaomeza sehemu kubwa ya sukari baada ya mlo, na anayepungua bila kuutumia anapoteza msuli pamoja na mafuta, kisha uzito ukirudi unarudi kama mafuta.

#13 Sahani_Nusu

Kwenye mlo, cha kwanza kukata ni kinywaji chenye sukari, pamoja na juisi. Fruktosi inashughulikiwa zaidi na ini, na ikizidi ini linaigeuza kuwa mafuta palepale. Pombe inafuata: kalori 7 kwa gramu, na mwili unasitisha kuchoma mafuta mpaka uimalize. Baada ya hapo punguza kama kalori 500 kwa siku. Mwanzoni utaona karibu nusu kilo kwa wiki, halafu kasi itapungua, kwa sababu mwili mdogo unatumia kidogo. Watu wengi huacha hapo wakidhani mlo umeacha kufanya kazi. Protini iwe gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili, ila mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza.

Pima kiuno kila baada ya wiki 4. Anayepima kila siku anapima choo na chumvi.

Na sigara: wavutaji wengi ni wepesi kwa kilo, lakini kwa uzito uleule viuno vyao huwa vikubwa. Anayeogopa kuacha kwa sababu ya kunenepa alifikirie hilo.

#14 Mizani_Mbovu

Vipi kunyonywa mafuta kwa mashine? Si ndiyo njia ya mkato?

#15 Daktari_wa_Zamu

Inabadilisha umbo, haibadilishi ugonjwa. Mwaka 2004 ilichapishwa kazi ya Samuel Klein na wenzake: wanawake wanene 15 walitolewa mafuta mengi ya tumbo chini ya ngozi, wastani wa karibu kilo 10. Baada ya wiki kama 10 hadi 12, insulini, presha na mafuta ya damu vilikuwa palepale. Mrija hauvuki ukuta wa misuli, kwa hiyo ya ndani hayaguswi.

Nitumie nafasi hii kwa upande wa pili, wanaotaka makalio yaongezeke. Vidonge vinavyouzwa kwa kazi hiyo mara nyingi ni siproheptadini, deksamethasoni, au vyote pamoja. Siproheptadini ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi. Unakula zaidi, unanenepa popote mwili wako ulipozoea kuweka. Deksamethasoni ni steroidi, na inafanya kinyume cha kinachotakiwa: mafuta yanajaa usoni, nyuma ya shingo na tumboni, wakati misuli ya mapaja na makalio inaisha. Uso wa mviringo unaoonekana kama afya ndiyo dalili ya kwanza. Baadaye ngozi inakuwa nyepesi, michirizi ya zambarau tumboni, sukari na presha juu. Krimu kali za steroidi za kung'arisha ngozi zikipakwa mwili mzima kwa miezi huleta hayohayo.

Aliyetumia kwa zaidi ya wiki 3 au 4 asiache ghafla. Tezi zilizo juu ya figo zimeshalala, na bila dawa mtu anaweza kutapika, kuishiwa nguvu, presha ikaanguka, akazimia. Aende na pakiti mkononi, apunguziwe dozi kwa hatua.

Sindano za silikoni ya maji ni hatari tupu: inasafiri, inaweka mavimbe, inaweza kuziba mishipa ya mapafu. Kuhamisha mafuta ya mtu mwenyewe kwenda kwenye makalio kumeua pia, pale daktari anapoingiza ndani ya msuli, kwenye mishipa mikubwa ya damu, mafuta yakaenda mapafuni. Miongozo ya upasuaji sasa inataka yawekwe juu ya msuli tu.

#16 Viungo_Sawa

Na anayetaka makalio kwa njia salama, huo ni msuli: kuchuchumaa na uzito, na kunyanyua nyonga mgongo ukiwa kwenye benchi. Mara 2 au 3 kwa wiki, seti 3 hadi 4 za marudio 6 hadi 12, uzito uongezeke kila ukiona marudio ya mwisho yamekuwa mepesi. Kiuno hakitapanuka kwa hilo.

#17 Mwanagenzi

Swali la mwisho wakuu. Mwanamke ana mwili mdogo juu, kiuno kipo sawa, lakini miguu minene kuanzia nyonga hadi kwenye kifundo, na hata akipungua uso na kifua, miguu haisogei. Hii nayo ni ile "salama" ya mapajani?

#18 Daktari_wa_Zamu

Inaweza kuwa salama tu, wapo wenye maumbile hayo. Ila uliza mambo matatu: inauma ikibonyezwa? Inachubuka na kupata alama za buluu bila kugongwa? Unene unakatika ghafla kwenye kifundo kana kwamba amevaa bangili, unyayo ukiwa mwembamba? Majibu yakiwa ndiyo, fikiria lipedema, ugonjwa wa mafuta kujaa miguuni. Huanza mara nyingi kwenye balehe, ujauzito au kukoma hedhi, hushika miguu yote miwili sawa, na kwa kweli haisikii mlo vizuri, kwa hiyo msimlaumu. Soksi za kubana, kutembea, kuogelea na kudhibiti uzito wa sehemu nyingine husaidia maumivu na mwendo.

Unyayo ukivimba pia, jaribu kufinya ngozi juu ya shina la kidole cha pili cha mguu. Ikishindikana kuinuliwa, tatizo ni mifereji ya limfu, inayorudisha majimaji ya mwili kwenye damu, na matibabu ni mengine. Na mguu mmoja ukivimba ghafla, shavu la mguu likawa na joto na maumivu, usipime kitu: huenda ni damu iliyoganda, aende hospitali siku hiyohiyo.